Tiyeta ya Nateete na Taa za Opoka

Jumapili, 26 Oktoba 2025

Mgongo wangu! Sijui kama kesho nitaweza kukaa kwenye cherehani. Leo tumefyeka Tiyeta, ule ukumbi wa wazi wa maonyesho hapa Nateete, Kampala. Magugu yalinifika kiunoni, lakini chini yake ngazi za saruji zipo vilevile, zinashuka na mteremko mpaka jukwaani. Nzima! Chache tu zimepasuka. Tangu pafungwe wakati wa korona nilidhani kumebaki kifusi. Kumbe majani, chupa, na mbuzi mmoja ambaye mmiliki wake hakuonekana mpaka tulipotangaza kwamba tunamchinja.

Hajji Tajudin alikuja na fimbo yake kukagua. Kiwanja ni chake, amerithi kwa baba yake, na kuna bwana mmoja wa kuosha magari anayemfuata kila wiki akikitaka. Hajji hakuzungusha maneno. Alisema fanyeni onyesho Jumamosi ya tarehe 22 Novemba, nitakuja mwenyewe nikae. Nikiona watu wamejaa na wamebaki mpaka mwisho, nawapa mahali hapa miaka mitano. Wakiondoka katikati, naleta magari.

"Mimi sina ugomvi na nyimbo, binti yangu," akaniambia. "Nina ugomvi na kiwanja kisichofanya kazi."

Sawa, Hajji. Kitafanya kazi.

Kila anayepita anauliza sisi ni wa mgombea gani na tunagawa nini. Kampeni zimewaharibu watu! Mwanamke mmoja alisimama muda mrefu akisubiri sabuni. Alipoona hakuna sabuni akaokota fyekeo, akafyeka na sisi mpaka jioni. Ndiye aliyefanya kazi kuliko wote, na jina lake sikuuliza.

Jumatano, 29 Oktoba

Kikao dukani kwangu, katikati ya vitambaa. Julienne alileta nusu ya kwaya yake. Huyu mlango wake wa vitenge umepakana na wangu, na Jumapili anaongoza kwaya ya Wakongo wenzake. Bila yeye kamati hii ingekuwa mimi na mdomo wangu.

Ubishi wa kwanza: nani afungue kwa dua, sheikh au pasta? Ulichukua kikao chote. Mwishowe tukakata shauri, wote wawili, na atakayezidisha anakatwa maiki. Julienne akacheka mpaka akashika meza. "Pasta wetu akikamata mikro, dada, tutalala pale!"

Ratiba ni hii: dua, kwaya, gitaa la Guerschom wa kwaya hiyohiyo, halafu mimi. Mimi wa mwisho! "Weye njo utafunga," Julienne alisema, na mimi nikajifanya kushangaa. Sikushangaa hata kidogo. Nimeitamani nafasi hiyo tangu tuanze kufyeka.

Hapa hakuna anayesoma, basi niseme. Naimba harusini tangu nikiwa msichana, ndani, na kinamama wenzangu, na hakuna aliyewahi kunisikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho. Sinia la pilau likipita tu, kwisha habari yangu. Vijiko vinanishinda! Nataka mara moja, kabla sauti haijanichoka, niimbe mbele ya watu waliokuja kusikiliza. Mahali penye ngazi za kukalia na pasipo na jiko. Hapa Nateete mahali hapo ni Tiyeta peke yake.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimemwambia Rafiq. Nilipika kwanza, mimi si mjinga.

Alikula kwanza. Akauliza, mbele ya wanaume? Nikasema mbele ya watu. Akauliza nitavaa nini. Nikamwonyesha, maana nilikwisha kushona — gauni la kijani kilichokolea, mikono mirefu, na kilemba chake. Akakishika kitambaa, akakirudisha. Mume wangu mchana anauza sukari na jioni anafundisha watoto Kurani, na sura yake ni ileile kwa kazi zote mbili, humjui amefurahi au amenuna.

Halafu akasema yeye hatakaa kwenye ngazi, watu wamtazame anavyomtazama mke wake. Atasimama getini apange boda. Sawa, nikasema, geti linahitaji mtu.

"Getini sauti inafika?" akauliza.

"Inafika."

Akaongeza wali. Basi, hiyo ndiyo ruhusa. Namjua mume wangu.

Alhamisi, 6 Novemba

Katwe! Masikio bado yanalia kwa nyundo za mafundi bati wa huko.

Tatizo lilikuwa ukuta wa nyuma wa jukwaa. Zamani ulikuwa wa mbao, umeoza wote, na Guerschom anasema bila ukuta sauti inapotelea nyuma kwenye migomba. Fundi mmoja wa Katwe ametupa mabati mapya, yanang'aa mpaka unajiona meno. Sharti lake ni jina la karakana yake liandikwe kubwa. Tumeyasimamisha nyuma ya jukwaa, na Guerschom akataka yalazwe kidogo ili sauti igonge ipande kwenye ngazi. Halafu tukaona maji ya mvua yanateremka kwenye bati na kutuama jukwaani. Tukapanga mapipa chini yake yakinge. Maji tutasafishia choo. Tuna akili sana siku hizi.

Jaribio: nilisimama katikati nikasema "Bismillahi" kwa sauti ya kuongea na mtoto aliyelala. Julienne, aliyekuwa ngazi ya juu kabisa, akanyanyua mkono. Alinisikia! Nilirudi nyumbani kama nimekunywa kitu.

Jumatatu, 10 Novemba

Taa za jukwaa za kukodi — bei yake si ya kuandikwa kwenye karatasi nzuri.

Nikamkumbuka Opoka. Mwacholi yule fundi umeme, mwaka mzima anatengeneza feni na pasi, ikifika Novemba anaacha yote anatega senene, wale panzi wa kuliwa. Ana balbu zile kubwa za kutegea, na nyaya, na mita ya umeme ya kubeba mzigo wote. Lakini mwaka huu senene hawajaja, na mwaka jana waliokuja hawakujaza hata kapu. Nilimkuta amezikalia taa zake nje, anazifuta vumbi moja moja. Ilinihuzunisha kidogo. Huyu mtu ada za shule za wanawe hutoka kwa senene.

Alikubali. Lakini alinyoosha kidole.

"Mama, mimi nakupa taa yote. Lakini senene ikikuja, hata kama ni katikati ya wimbo, taa ni yangu. Sitaki kelele."

Nikampa mkono. Nimeahidi. Senene gani! Kwenye soko lote la hapa hakuna aliyemwona hata mmoja.

Jumanne, 11 Novemba

Taa zimefungwa juu ya mabati. Mchana zinaonekana kama masufuria yaliyoanikwa. Opoka anasema zikiwaka nitaona.

Jumapili, 16 Novemba

Mazoezi baada ya kanisa la Julienne. Kwaya yake ni hatari! Sauti za chini zinaingia mpaka kwenye saruji. Nilivaa gauni langu ili kulizoeza, na Julienne akanizunguka mara mbili. "Batu bataona hii robe, bataacha kusikia!" Nimeamua kwamba huko ni kusifiwa.

Nilipoanza wimbo wangu Hajji alipita, na yule bwana wa magari. Bwana anapima kiwanja kwa hatua! Alikata katikati ya jukwaa, mbele yangu, mimi naimba, macho yake kwenye viatu vyake. Hajji anamfuata nyuma akionyesha kwa fimbo wapi maji yatapita. Hawakusimama. Hawakunyanyua vichwa hata pale nilipopanda juu kabisa, pale ambapo kinamama wote hupiga vigelegele.

Nilimaliza wimbo. Nilikuwa nalia kwa hasira lakini nilimaliza. Guerschom akasema hajawahi kusikia sauti ile kwangu, nijikasirishe tena siku yenyewe.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua tangu juzi. Leo mchana imekatika na ukungu umekaa juu ya paa za Nateete. Nilikuwa barabarani juu nikifunga bango la onyesho kwenye nguzo. Akapita mama mmoja na ndizi zake, akatazama kule chini kwenye Tiyeta, akaniuliza kwa adabu kabisa: mnaanza kutega lini?

Kutega nini, mama?

"Nsenene, nnyabo."

Nikageuka nikatazama. Banange!

Mabati mapya yanayong'aa, yamelazwa kidogo. Juu yake taa za Opoka. Chini yake mapipa. Senene hufuata mwanga, hugonga bati, huteleza mpaka ndani ya pipa. Kamati nzima, wiki tatu, vikao, ubishi, Katwe, mgongo wangu — tumejenga mtego wa senene! Mkubwa, mzuri, umenyooka, hata Opoka hajawahi kuwa na mtego kama ule. Na yeye mwenyewe alipanda ngazi akafunga taa zake pale na hakusema neno. Nikaenda kumuuliza. Akasema alidhani ninajua.

Nilicheka mpaka yule mama akaondoka na ndizi zake kwa haraka. Halafu kicheko kikaisha. Jumamosi giza, hakuna mwezi, mvua imetangulia, ukungu umeshuka. Kila mtoto wa Kampala anajua hali ya hewa hiyo inaleta nini. Wakija, taa ni za Opoka, na sisi gizani. Na Hajji amekaa.

Julienne alitaka tuondoe mabati. Lakini tukiyaondoa, sauti yangu inakwenda kwa migomba. Taa nyingine hatuna. Kufanya mchana? Gari la matangazo limekwisha kuzunguka mpaka Katwe likitangaza jioni.

Basi tukashika njia iliyobaki. Yeye ataomba kwao, mimi kwetu. Mji mzima unaomba senene waje, wanawake wawili wanaomba wasije!

Ijumaa, 21 Novemba

Nilimwomba Rafiq naye asome dua kidogo baada ya sala. Akafikiri. Akasema Opoka ana watoto wa shule, yeye hawezi kumwomba Mungu amnyime mtu riziki. Ataomba mimi niimbe vizuri, basi.

Mwanamume huyu! Alikuwa sahihi na nilimnunia mpaka usiku.

Jumamosi, 22 Novemba

Naandikia gotini, kwenye kijumba cha nyuma ya jukwaa. Nisipoandika nitakimbia.

Wamejaa! Ngazi zote, mpaka juu, mpaka ukutani. Kinamama wa harusi wamekuja, Wakongo wamekuja na watoto wao, mafundi wa Katwe wamekuja kuona jina lao. Yule mwanamke wa sabuni amekaa mbele kabisa, hivi hakuna anayemjua jina? Hajji ameletewa kiti, na pembeni yake yuko yule bwana wa magari, amekunja mikono. Sheikh amesoma dua fupi safi. Pasta hakusoma fupi. Julienne alikwenda akasimama ubavuni kwake akitabasamu, karibu, karibu zaidi, mpaka pasta akasema amina.

Taa zimewaka. Opoka alisema nitaona, na nimeona. Saruji yote ni nyeupe, kila uso unaonekana. Niliona mtu analia wakati wa kwaya. Kwa kwaya tu, hakuna aliyekufa! Sijawahi kuona watu wa Nateete wamenyamaza hivi.

—

Guerschom anapiga. Bwana wa magari amekunjua mikono na mguu wake unatikisika. Hajji amefumba macho. Wimbo mmoja zaidi na halafu mimi. Ee Mola.

—

Kitu kimegonga bati. Nilidhani mvua. Kikagonga tena.

Si mvua.

—

Mmoja alitua kwenye shingo ya gitaa, kijani, ananyoosha miguu. Halafu kumi. Halafu taa zote zikawa na wingu linalozunguka na bati likaanza kulia kama linakaangiwa kitu. Mtu akapiga kelele "Nsenene!" na ngazi zote zikainuka kwa pamoja. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Lakini hakuna anayetazama jukwaa! Wamefungua leso, wamevua kofia, wamemwaga vitu vya mikoba chini ili mikoba iwe wazi. Guerschom anaendelea kupiga, macho amefumba, maskini, nadhani anafikiri wanamshangilia.

Opoka akaja mlangoni. Mkono wake uko kwenye swichi.

"Mama, imekuja."

Najua, nikasema. Nilimpa mkono. Nikasema chukua. 

Hakuzima. Alitazama mabati, akatazama mapipa. Akasema akishusha taa na kupeleka kwake, mpaka azifunge tena senene wamepita. "Hapa iko tayari. Nyinyi imbeni, sisi tutege." Kama Rafiq asingekuwa getini ningemkumbatia! Halafu akataka kuwasha majani mabichi, moshi uwaleweshe waanguke vizuri. Moshi, kwenye koo langu! Nikamwambia hapana, moshi sahau. Akacheka, akawaita vijana wake na magunia. Sasa wako jukwaani na Guerschom, wanapishana kwa adabu.

—

Hajji amepanda jukwaani. Kofia yake imejaa, magoti ya kanzu yana matope, anacheka, sijawahi kumwona Hajji Tajudin anacheka hivi. Niliruka, nikadhani anakuja kwangu. Hakuja kwangu. Alilipapasa bati, akachungulia pipa, akamshika Opoka begani.

"Kesho njoo nyumbani, kijana wangu. Tuzungumze habari ya kiwanja hiki. Umeona? Hakuna hata mmoja aliyeondoka!"

Hakuna aliyeondoka! Ndiyo maneno yake, sharti lake, amemtimizia mwingine mbele ya macho yangu. Na bwana wa magari hana habari, yuko chini anajaza mfuko wa koti.

 Opoka alinitazama mara moja halafu akaangalia pipa. Pipa la kwanza limejaa. Sitamlaumu akienda, ana watoto. Lakini hasira imenipanda mpaka masikioni. Mtego hauhitaji ngazi za kukalia, wala hauhitaji mwimbaji. Msimu ukiisha Hajji atafunga geti, majani yatarudi, na mbuzi.

—

Guerschom amemaliza. Hakuna aliyepiga makofi, mikono imejaa. Julienne anasema tusubiri, kidogo tu, mpaka senene wapungue. Nikasema tukisubiri, Hajji anaondoka na kofia yake na biashara imekwisha.

"Unaogopa, dada?"

Sana.

Rafiq ameingia. Mikono mitupu, mtu pekee Nateete nzima mwenye mikono mitupu usiku huu. Nikamuuliza vipi geti. Anasema kwa kelele hizi getini hasikii kitu, kwa hiyo ameziacha boda zijipange zenyewe. Utasimama wapi, nikauliza. Mbele, akasema, na tayari anakwenda.

Julienne ananiita kwa mkono. Maiki ni yangu. Kutoka hapa naona migongo tu, ngazi mpaka ngazi, wote wameinama. Wa Hajji ndio ule wa mbele. Nitaanza kwa sauti ya chini, na sitanyamaza mpaka anyanyue kichwa.